Kompresa Ipimwe Kwanza

Msimu wa joto ukishika kasi Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, wenye viyoyozi hukutana na hukumu ileile: "Kompresa imekufa." Bei ya kompresa mpya huweza kukaribia bei ya kiyoyozi kizima, na mara nyingi mno hukumu hiyo hutolewa baada ya fundi kusikiliza mngurumo tu, au kugusisha mita kwenye waya mbili na kungoja ilie. Hicho si kipimo. Mota ya kompresa imefungiwa ndani ya chombo cha chuma kilichochomelewa pande zote. Haifunguliwi ikachunguzwa kwa macho, kwa hiyo ushahidi wote lazima utoke kwenye mita.

Kazi ianzie nje ya kompresa. Katika viyoyozi vya kawaida vya fezi moja, mota huhitaji kapasita ili ianze kuzunguka. Kapasita ikichoka, kompresa hunguruma kwa sekunde chache, hupata moto, kisha swichi ya joto hukata umeme. Kompresa iliyokwama hufanya vivyo hivyo, na hapo ndipo watu huanza kupoteza fedha. Kapasita iliyoandikwa mikrofaradi 35, yenye ruhusa ya kupungua au kuzidi kwa asilimia 5, ikisoma 28 ibadilishwe kabla ya neno lolote kusemwa juu ya kompresa. Kabla ya kuipima, umeme uliobaki ndani yake umalizwe kupitia rezista, si kwa kugusanisha pini zake kwa bisibisi.

Volti nazo zipimwe wakati kompresa inajaribu kuwaka. Mtambo uliozimwa unaweza kuonyesha volti 230 safi kabisa, kisha zikaanguka mno mara mzigo unapoingia, kwa sababu ya waya mwembamba, kiungo kilicholegea au kontakta iliyoliwa na hewa ya chumvi.

Hayo yakiwa sawa, umeme uzimwe na uhakikishwe kuwa umezimika, kisha waya za kompresa ziachanishwe na saketi. Kompresa ya fezi moja ina pini tatu: C ya pamoja, R ya koili ya kukimbizia na S ya koili ya kuwashia. Koili ya kuwashia husukwa kwa waya mwembamba zaidi, ndiyo maana ukinzani wake huwa mkubwa. Tuseme C na R zinasoma omu 2.1, na C na S omu 4.3. Basi R na S lazima zikaribie 6.4, maana hapo unapima koili mbili zilizofuatana. Hesabu isipojumlika, huenda kuna koili iliyokatika, au koili hizo mbili zimeshotiana.

Kuna usomaji mmoja unaoua kompresa nzima kuliko mwingine wowote: C haisomi kwa R wala kwa S, lakini R na S zinasoma vizuri. Fundi mwenye haraka husema koili imekatika. Kumbe mara nyingi ni swichi ya joto ya ndani, iliyo kwenye njia ya C, ambayo imefunguka kwa sababu mota imepata moto. Chuma kile hupoa polepole, pengine kwa saa kadhaa. Fundi asubiri, hata ikibidi arudi kesho, apime tena.

Kisha kila pini ipimwe dhidi ya bomba la shaba lililokwanguliwa rangi, kujua kama umeme unavujia kwenye bodi. Mita ya kawaida hutumia volti chache za betri, nayo huweza kupitisha insulesheni iliyodhoofika. Mega, yaani mita ya kupimia insulesheni, ya volti 500 huibana ipasavyo. Lakini mega isitumike kamwe kompresa ikiwa imevutwa hewa kwa pampu. Friedrich Paschen alionyesha mwaka 1889 kwamba volti inayohitajika ili cheche iruke hutegemea shinikizo la gesi na umbali, na katika shinikizo la chini kiasi hicho hushuka sana. Cheche ikiruka kati ya pini, koili nzima huharibiwa na kipimo chenyewe.

Pini hizo pia zinaweza kufyatuka na kumwaga mafuta na gesi ya moto, na gesi za R32 na R290 hushika moto. Vipimo vifanyike upande wa kontakta inapowezekana, na umeme usirudishwe kifuniko cha pini kikiwa wazi.

Viyoyozi vya inveta vina kanuni nyingine: koili tatu zisome sawasawa, hakuna koili ya kukimbizia wala ya kuwashia. Bodi ya saketi ya kiyoyozi cha inveta huhifadhi volti zaidi ya 300 hata baada ya kuzimwa, hivyo isubiriwe na ipimwe kabla ya kuguswa.

Kompresa ya fezi moja ikipewa volti kamili na kapasita nzima, kisha ikavuta ampea mara kadhaa ya zile za kwenye kibandiko bila kuzunguka, hapo imekwama kweli. Mwenye kiyoyozi ana haki ya kuandikiwa namba hizo kwenye risiti: mikrofaradi, volti wakati wa kuwaka, omu za pini tatu, megaomu na ampea. Fundi aliyepima hatashindwa kuziandika.