Jiwe Lina Mzuka Ndani

Juzi dem mmoja wa mbogi yetu alitokea tao amedunga cheni noma, jiwe saizi ya kidole gumba kwa shingo. "Hii ni tsavorite, nimetoa thao moja tu!" Manze, tsavorite saizi hiyo kwa thao? Hapo ameuziwa mbuzi kwa gunia.

Tukaimulika na tochi ya simu. Tsavorite inakuanga kijani mwili mzima. Hii ilikuwa safi kama maji, halafu ndani kumejificha kamlima ka kijani. Hiyo ni kwatzi, msee, na hako kamlima ni mzuka.

Cheki vile inaenda. Kwatzi inakua pole pole kwa nyufa za mwamba, maji moto yenye silika yakipita. Saa zingine inatulia kiasi, vumbi ya kloraiti, madini ya kijani, inakalia pande zake. Baadaye kwatzi inaendelea kukua juu ya hiyo vumbi. Umbo la zamani linabaki limefungiwa ndani. Mizuka kama hiyo hutoka Minas Gerais huko Brazil, na pia milima ya Alps na Himalaya.

Iko na kasin anaitwa aventurine, mwingi wake ni wa India. Huyo kijani chake ni vipande vidogo vya mika yenye kromiamu, ndio maana ukimgeuza kwa jua anametameta. Na jina lake ni vituko: mafundi wa Venice walikuwa na kioo cha kumetameta, kikaitwa hivyo kwanza, jiwe likapewa jina baadaye. Yaani feki ndio ilibatiza ori!

Hata tsavorite ni jina la juzi tu. Tiffany ya New York iliipea miaka ya 70, kutoka kwa Tsavo yetu. Jina ndio hupandisha bei, na jina ndio huyu dem aliuziwa. Jiwe lenyewe ni ori, na kusema ukweli, mzuka wake umeweza.

So mtu wangu, kabla utoe doo, washa tochi. Ukiona viputo vya mviringo ndani, hicho ni kioo, jitoe. Ukiona kamlima ka kijani, lipa bei ya kwatzi, udunge bila stress.