Saa ya Kompyuta Ndogo na Kumbukumbu za Mvua

Kibakwe, wilayani Mpwapwa, kama sehemu kubwa ya uwanda wa kati wa Tanzania, hupata mvua za msimu mmoja tu, ambao kwa kawaida huwa kati ya Desemba na Aprili. Mahali pa namna hiyo tarehe ya kila mvua haina budi kuandikwa kwa uangalifu, kwani ndiyo imwongozayo mkulima kuchagua wakati wa kupanda. Siku hizi kazi hiyo yaweza kufanywa na kompyuta ndogo yenye kichakataji cha ARM, cha jamii ile itumikayo katika simu za mkononi. Kompyuta hizo hutumia umeme kidogo, lakini nyingi hazina saa yenye betri yake.

Je, upungufu huo una madhara gani? Mvua ya siku moja huhesabiwa kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 3 asubuhi ya siku ifuatayo. Tuseme umeme umekatika saa 8 usiku, ukarudi saa 2 asubuhi. Kompyuta isiyo na mtandao itaendelea kuhesabu kutoka wakati wa mwisho iliouhifadhi. Mvua ikinyesha saa 4 asubuhi, itaandikwa kuwa ya saa 10 alfajiri, na kuhesabiwa katika siku iliyotangulia.

Dawa yake ni kuongeza saa ya pekee. Ndani yake mna fuwele itetemekayo mara 32,768 kila sekunde. Idadi hiyo ikigawanywa kwa 2 mara 15, hupatikana 1. Betri ndogo huiendesha hata umeme ukizimika. Hata hivyo, kiini cha mfumo endeshi, kama kile cha Linux, lazima kielezwe ni saa ya aina gani na imeunganishwa wapi. Maelezo hayo yakikosewa, saa itatembea, lakini kiini hakitaisoma.

Baada ya kiini kurekebishwa, hapana budi kukijaribu. Kwanza, kosa lionekane kwa kiini cha zamani, katika kompyuta ile ile. Kisha kiini kipya kiwekwe, bila kubadili kitu kingine. Saa ikisharekebishwa, mtandao ukatwe, kwani mtandao husahihisha wakati na hivyo kulificha kosa. Kompyuta izimwe usiku kucha, na asubuhi ilinganishwe na saa ya kuaminika. Jaribio lirudiwe kwa kuvuka Februari 29, mwisho wa mwaka, na Januari 19, 2038, siku ambayo hesabu ya zamani ya sekunde yenye tarakimu 32 za mfumo wa mbili itafika ukomo.

Tofauti ya sekunde 1 au 2 kwa siku yatokana na fuwele yenyewe. Tofauti ya saa 3 kamili yaonyesha kuwa saa za Afrika Mashariki zimechanganywa na saa za dunia. Tofauti iliyo sawa na muda wa kuzimwa yamaanisha kuwa kiini bado hakiisomi saa. Mpaka jaribio lifaulu, daftari la mvua liendelee kuandikwa kwa mkono.