Nilivyofunga Safari Kutoka Kiyeyi Hadi Kigali Kutazama Tenisi

Mtu wa mpakani akisema anakwenda Kigali, majirani humwuliza anapeleka nini au anakwenda kuleta nini. Hakuna swali la tatu. Ndiyo maana mwezi Machi 2024, nilipowaambia walimu wenzangu hapa Kiyeyi kwamba ninakwenda Rwanda kutazama tenisi, mmoja alicheka hadi akamwaga chai, na mwingine akanivuta kando na kuniuliza kwa sauti ya chini iwapo nina mgonjwa huko ambaye sitaki ajulikane.

Sikuwa na mgonjwa. Kulikuwa na mashindano, nayo yalikuwa makubwa kuliko yoyote ya tenisi ambayo mtu wa Tororo angeweza kuyafikia kwa basi. Kwa mara ya kwanza Rwanda ilikuwa imepewa mashindano ya Challenger, yale yanayosimamiwa na ATP, chama cha wachezaji wa kulipwa wa kiume. Yalichezwa wiki mbili mfululizo, kuanzia tarehe 26 Februari hadi 10 Machi, katika viwanja vya chuo cha ufundi cha IPRC Kigali, mtaa wa Kicukiro.

Nisikudanganye, msomaji. Challenger si Wimbledon. Bingwa wa Wimbledon hupata pointi 2,000 za kumpandisha katika orodha ya dunia. Bingwa wa Kigali mwaka huo alipata pointi 50. Lakini katika pointi hizo 50 ndimo wachezaji wanamohangaika ili siku moja waingie huko kwenye 2,000. Ni kama mfanyabiashara anayeanza na beseni la nyanya kando ya barabara ya Busia akitazama maduka ya jumla ng'ambo ya pili. Mnajua wenyewe jinsi ushindani wa kwenye beseni ulivyo mkali.

Mapenzi yangu kwa mchezo huu niliyaokota ukimbizini, na neno kuokota nalitumia kwa maana yake halisi. Mwaka 1987 jeshi la Alice Lakwena lilipopita pande za Tororo likielekea Jinja, wazazi wangu walituvusha mpaka nikiwa na umri wa miaka sita. Desemba ya mwaka huo huo wanajeshi wa Uganda na Kenya wakafyatuliana risasi pale Busia, mpaka ukafungwa, na safari tuliyoambiwa ni ya wiki mbili ikawa ya miaka kumi na saba. Nikasoma Kenya tangu darasa la kwanza hadi chuo cha ualimu. Karibu na tulikoishi kulikuwa na kilabu ya maofisa wa kiwanda cha sukari, yenye uwanja mmoja wa tenisi. Jumamosi watoto tulilipwa shilingi mbili na soda ili kuokota mipira. Maofisa walipokwenda kula, mlinzi alituachia raketi moja iliyokatika nyuzi mbili.

Nakumbuka mwaka 1995 tuliposikia kwamba Mkenya Paul Wekesa amefika nafasi ya 100 duniani. Mia moja! Ofisa mmoja alituambia sisi waokota mipira kwamba ukiwakusanya wanaume wote wa dunia hii wanaocheza tenisi, ni 99 tu wanaomzidi. Sikulala vizuri usiku ule.

Nilirudi Uganda mwaka 2004. Wasomaji wengi wa ukurasa huu mnayajua ya kurudi, sina haja ya kuyarefusha. Kule niliitwa Mganda, huku nikaitwa Mkenya kwa sababu ya Kiswahili changu. Mwaka 2014, wakati wa kuandikisha vitambulisho vya taifa, afisa mmoja alinitaka nitaje ukoo, kijiji na kaburi la babu yangu, kisha akaniambia kwamba ninalitamka jina la kijiji changu kama mgeni. Nilirudi mara nne kabla ya kuandikwa.

Sasa turudi kwenye tenisi, maana safari yangu haikuwa ya starehe tu. Nyuma ya madarasa ya shule yetu kuna kipande cha ardhi ya murramu kilicho tambarare. Nimekichora mistari kwa majivu, nikafunga kamba ya katani katikati, na seremala akatuchongea vibao kumi na vinne vya mti wa mvule. Watoto hucheza hapo jioni, wengi wao wasichana. Februari ile mwalimu mkuu aliniita ofisini. Ni mtu mwema na aliongea kwa upole. Alisema watoto wanashinda njaa, kipande kile kinaweza kutoa mahindi ya uji, na mvua za Machi zinakaribia. Akaniuliza: "Mwalimu, hicho kimpira kitamfikisha wapi mtoto wa Kiyeyi?" Nilimwomba anisubiri nirudi Kigali.

Nilikuwa na jibu moja tayari, lile la Angella Okutoyi. Binti huyo wa Kenya alilelewa na bibi yake Nairobi, mama yao akiwa amefariki alipowazaa yeye na pacha wake. Julai 2022, akiwa na umri wa miaka 18, alitwaa ubingwa wa wasichana wawili wawili Wimbledon akicheza na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, akawa Mkenya wa kwanza kutwaa taji la mashindano makuu ya tenisi. Waliowafunga walikuwa wasichana wa Kanada, Kayla Cross na Victoria Mboko. Huyo Mboko wazazi wake ni Wakongo waliohama kwao, na mwaka 2025 alishinda mashindano ya Kanada kule Montreal kwa kumshinda Naomi Osaka katika fainali. Kwa hiyo siku ile Wimbledon, katika mchezo mmoja wa watoto, kulikuwa na mjukuu wa bibi mmoja wa Nairobi upande huu wa wavu, na mtoto wa wahamiaji kutoka Kongo upande wa pili.

Lakini mwalimu mkuu angesema Nairobi si Kiyeyi. Nilitaka kuona kwa macho yangu.

Ijumaa tarehe 8 Machi ilikuwa Siku ya Wanawake, ambayo Uganda ni sikukuu ya taifa. Alhamisi baada ya kipindi cha mwisho nikapanda gari hadi Kampala, na usiku nikaingia basi la Kigali. Jirani yangu kitini alikuwa mama wa makamo wa Busia, mfanyabiashara wa vitenge, aliyeijua njia ile kama kiganja chake. Tulipopita Mbarara alinisimulia miaka mitatu ya taabu, kuanzia Februari 2019 mpaka wa Katuna ulipofungwa hadi ulipofunguliwa mwisho wa Januari 2022. Alikuwa na mali iliyolipiwa nusu upande wa pili, na hakuiona tena.

"Na wewe mwalimu, unapeleka nini?" akaniuliza.

"Sipeleki kitu, mama. Naenda kutazama tenisi."

Akanyamaza kidogo. "Mpira ule wa kupigwa na wavu?" Kisha akafunua kikapu chake akanipa ndizi, kama mtu anayempa chakula mgonjwa.

Katuna tulifika kungali giza. Nilitoa kitambulisho kile kile cha kurudia mara nne, maana Mganda, Mkenya na Mnyarwanda huvuka kwa kitambulisho tu tangu mwaka 2014. Dakika tatu nikawa nimepita. Mifuko ya plastiki walitunyang'anya yote, kwani Rwanda iliipiga marufuku tangu 2008, na mama wa vitenge alinicheka kwa kuwa nilikuwa nimefungia viatu vyangu humo. Ng'ambo, basi likahamia upande wa kulia wa barabara na saa zikarudi nyuma kwa saa moja. Jina la boda boda, ambalo sisi wa Busia tunajua lilizaliwa kwetu, halitumiki sana huko. Wao husema moto.

Kicukiro niliingia kabla ya saa nne asubuhi na kuketi karibu na uwanja kuliko nilivyotegemea. Kitu cha kwanza kilichonishika ni rangi ya uwanja. Ulikuwa wa udongo mwekundu, mwekundu kama uwanja wetu wa nyuma ya madarasa, ila wao wanaufagia kwa wavu mzito baada ya kila seti na kuunyunyizia maji. Cha pili ni mlio. Kwenye televisheni tenisi ni kimchezo laini, lakini ukiwa umbali wa hatua kumi, mpira unaopigwa na mwanamume mwenye nguvu unalia kama ubao unaovunjika. Aidha Kigali iko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huko nyepesi huufanya mpira ukimbie zaidi. Macho yangu yalichukua muda kuuzoea.

Na kimya! Sisi tuliozoea kandanda ya Tororo, ambapo refa hutukanwa tangu dakika ya kwanza, tungepata taabu. Mwamuzi aliye kwenye kiti kirefu anasema neno moja tu na watu mia kadhaa wanafunga midomo. Mtoto mmoja alilia karibu nami, na babake akambeba akakimbia naye nje kana kwamba nyumba inaungua. Pointi ikiisha ndipo makofi yanapolipuka. Kwa maoni yangu kimya hicho ndicho kinachouma zaidi kwa mchezaji, maana akikosea kila mtu anasikia pumzi yake.

Mtu niliyetoka kumpenda ni Marco Trungelliti wa Argentina, aliyekuwa na miaka 34 wakati ule. Wapenzi wa tenisi wanamjua kwa kisa cha Paris mwaka 2018. Alikuwa ametolewa katika mchujo wa mashindano ya Ufaransa, akarudi Barcelona alikokuwa akiishi. Mara nafasi ikapatikana kwa sababu wengine walijitoa. Akakodi gari, akampakia nyanya yake mwenye umri wa miaka 88, mama yake na nduguye, wakaendesha saa kumi hivi hadi Paris. Kesho yake akashinda mechi. Kabla ya kisa hicho alikuwa ametoa taarifa kuhusu watu waliotaka auze mechi; jambo hilo lilipojulikana, maisha yake miongoni mwa Waargentina wenzake yakawa magumu, akahamia Andorra. Jumamosi nilimwona akishinda nusu fainali nikapiga makofi hadi mikono ikaniwasha.

Aliyeketi nami Jumamosi alikuwa Mnyarwanda wa umri wangu aliyezaliwa Uganda, akasoma Mbarara na kurudi kwao baada ya 1994. Kiswahili chake kilikuwa cha Kampala, changu cha Kenya, na tulielewana bila shida. Aliniuliza kama pale Kiyeyi wameshaacha kuniita Mkenya. Nikamwambia bado. "Mimi huku wananiita Mganda," akasema, "na mtoto wangu huyu anafundishwa Kiswahili shuleni." Mtoto mwenyewe, msichana wa miaka kama kumi na miwili, alikuwa uwanjani akiokota mipira. Alikimbia ameinama, akasimama mikono nyuma, hakumtazama mtu. Nilimwangalia yeye kuliko wachezaji.

Ni kupitia kwa baba huyo nilipokutana na kocha mmoja wa watoto. Nilimweleza habari za vibao vyangu vya mvule. Hakucheka. Alisema Wanyarwanda wengi walianza hivyo hivyo, kwa kuokota mipira na kuazima raketi, na baadhi ya vijana wa nyumbani walipewa nafasi ya kucheza katika mashindano haya. Walitolewa mapema, lakini walicheza. Kisha akanieleza jambo ambalo halikunijia akilini hata siku moja: katika mechi za kiwango hiki mipira hubadilishwa baada ya gemu saba za kwanza, halafu kila baada ya gemu tisa. Mipira iliyotoka huhesabiwa mikuukuu. Akanipa thelathini na sita.

Fainali ilikuwa Jumapili. Mimi nilikuwa na darasa Jumatatu asubuhi, hivyo Jumamosi usiku nikapanda basi la kurudi, mipira nimeifunga kwa kitenge begani. Katuna afisa wa forodha alinifungulisha. Akaudundisha mmoja mezani, akaniuliza ni ya biashara? Nikasema ni ya shule. Nyuma yangu mama wa vitenge, ambaye tuliondoka naye kwa bahati tu, akadakia: "Mwanangu, hiyo imeshapigwa na Wazungu wiki nzima. Nani atainunua?" Watu wakacheka, afisa akanipitisha. Mama yule mwenyewe alikaguliwa kwa saa nzima.

Jumapili jioni, nikila rolex mjini Tororo (ile yetu ya chapati na mayai, si saa zinazotangazwa Wimbledon), nilisoma kwenye simu kwamba Trungelliti ametwaa ubingwa. Mshindi wa wiki ya kwanza, Kamil Majchrzak wa Poland, alikwenda mbali zaidi: mwaka 2025 alifika raundi ya nne ya Wimbledon. Kigali nayo ilirudia mashindano hayo mwaka huo yakiwa yamepandishwa daraja.

Mwalimu mkuu nilimkuta Jumatatu na jembe tayari. Niliiweka mipira mezani kwake, nikamweleza habari za mtoto wa Mnyarwanda yule na zile gemu tisa. Aliuminya mmoja, akaunusa, akauliza kama kweli wanaitupa ikiwa mizima hivi. Tukaenda pamoja nyuma ya madarasa, tukapima kwa hatua. Mahindi yalipandwa pembeni pande zote mbili hadi kwenye mstari wa majivu, na watoto waliagizwa kwamba mpira ukiingia shambani anayeufuata apite kati ya mistari asivunje miche. Msimu ule tulipoteza mipira tisa humo, na mitano tuliipata wakati wa kuvuna.