Mvuvi wa Chwaka na Msitu wa Jozani

Kusini-mashariki ya mji wa Unguja, mwendo wa kilomita 35 hivi, upo msitu uitwao Jozani. Watu wengi waujua kwa sababu ya kima punju, mnyama asiyepatikana mahali pengine po pote duniani ila Zanzibar. Wageni humtazama kima juu ya miti, kisha huenda zao. Ni wachache wajuao ya kuwa msitu huo una uhusiano na kitoweo kiuzwacho sokoni, kwa kuwa upande mmoja wake waingia baharini.

Nchi ya upande ule ni ya mawe yenye matundu mengi, na maji ya mvua huzama chini, yasifanye mto wa kwenda baharini. Lakini kaskazini ya Jozani, mahali miti ya bara inapokwisha, mikoko huanza, na mbele ya mikoko ni Ghuba ya Chwaka. Ndani ya mikoko umo mkono wa bahari uitwao Mapopwe. Huo ndio mto wa watu wa huko. Nao ni mto wa namna yake, maana huenda mbele na kurudi nyuma. Maji yakijaa, bahari huingia hata katikati ya miti. Yakipwa, hutoka tena. Kila baada ya saa 6 na dakika chache maji hugeuka. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huwa bamvu: maji hujaa sana na kupwa sana. Kati ya nyakati hizo huwa maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayapwi sana. Mvuvi asiyejua hesabu hii hukuta chombo chake kimelala juu ya mchanga, naye hukaa akingoja bahari irudi.

Samaki mmoja ajulikanaye sana katika ghuba hiyo ni tasi. Katika pwani ya Kenya watu wengi humwita tafi. Mwili wake ni mwembamba, na miiba yake ina sumu. Ikimchoma mtu mkononi, maumivu yake ni makali. Chakula chake ni mwani na nyasi za bahari. Basi hata ukimtilia chambo cha nyama kinono namna gani, huenda akakipita. Wavuvi wa Chwaka walilijua jambo hili zamani sana, wakamtengenezea tasi mtego ufaao, nao ni dema.

Dema ni mfano wa kikapu kikubwa kilichosukwa kwa vipande vyembamba vya miti, chenye matundu pande zote. Mlango wake ni mpana kwa nje na mwembamba kwa ndani, hata samaki aingie kwa urahisi na kutoka iwe shida. Mvuvi hutia ndani mwani, chakula ambacho tasi hukipenda. Hutia na mawe, ili dema lisichukuliwe na maji. Kisha hulichukua katika chombo chake, akisukuma kwa pondo mahali penye maji haba, hata afike kwenye nyasi za bahari. Hapo hulishusha, akashika alama za pwani, mnazi huu na rasi ile, asije akapotewa na mali yake. Siku nyingine hurudi kulitazama.

Lakini samaki wote hawana chakula kimoja. Changu hula kaa, kombe na wadudu wengine wa baharini. Kwa hiyo amtakaye changu huchukua mshipi na ndoana, akatia chambo cha nyama, kama vile ngisi. Basi mtu akikosea chambo, hukesha bure, ijapokuwa samaki wako chini yake.

Elimu hii si ya Waswahili peke yao. Katika mito ya baridi ya Ulaya yumo samaki aitwaye trauti. Majira ya baridi yakiisha na majani yakianza kuchipua, wadudu waliokulia chini ya maji huota mabawa na kuruka juu ya mto, na trauti huja juu kuwadaka. Mvuvi wa huko hutazama kwanza ni mdudu gani arukaye siku hiyo. Kisha huchukua ndoana ndogo, akaifunga manyoya na uzi hata ifanane na mdudu yule, akairusha juu ya maji taratibu. Trauti hudhani ni chakula chake, akaimeza. Mwaka 1905 mayai ya samaki hao yaliletwa Kenya kutoka Scotland, yakatiwa katika mto Gura, katika milima ya Aberdare, ambako maji ni ya baridi. Samaki wakastawi, na watu wakavua huko kwa manyoya vilevile. Mmoja ana manyoya, na mwingine ana mwani. Lakini wote wawili wamejifunza kwanza samaki anakula nini, wapi, na wakati gani.

Aliyejua samaki anakula nini budi ajue pia alilelewa wapi. Hapa ndipo msitu na bahari vikutanapo. Samaki wengi wa ghuba, wakiwa wadogo kama kidole, hujificha katikati ya mizizi ya mikoko na katika nyasi za bahari, mahali ambapo samaki wakubwa hawawezi kuwafuata kwa urahisi. Majani ya mikoko huanguka majini. Kaa huyala, na mengine huoza yakawa chakula cha viumbe vidogo. Na viumbe hivyo huliwa na samaki. Kwa hiyo mkoko ukatwao kwa ajili ya kuni, makaa, boriti au tanuu la chokaa ni nyumba ya samaki ibomolewayo. Mtu hupata kuni za siku chache, na samaki wadogo hukosa makao. Kwa sababu hiyo, mwaka 2004 msitu wa Jozani na mikoko ya Ghuba ya Chwaka vilifanywa hifadhi moja ya taifa, ili vilindwe pamoja.

Hata hivyo, hifadhi haiwezi kuilinda kila mizizi, wala kumtazama kila mvuvi. Fikiri juu ya mvuvi anayelifungua dema lake asubuhi. Nyumbani wapo watoto wanaongoja, na ndani ya dema wamo tasi wawili wakubwa na wengine wengi wadogo. Akiwachukua wote, chungu cha leo kitajaa. Akiwaachia wadogo, leo watu wa nyumbani watakula kidogo. Lakini wadogo wale watakua, wataga mayai, na ghuba itapata kizazi kingine. Fundi aliyelisuka dema lenye matundu mapana amekwisha kumsaidia, kwa kuwa wadogo hutoka wenyewe. Aliyelisuka lenye matundu madogo amemtia katika majaribu.

Juya nalo lina hatari kubwa zaidi. Wavu huo hukokotwa juu ya nyasi za bahari, huzing'oa, na kuzoa wakubwa na wadogo pamoja. Tena huweza kuyavunja madema ya watu wengine. Kwa ajili hiyo umetokea ugomvi mara nyingi katika ghuba hii kati ya wenye madema na wenye majuya, ijapokuwa ni watu wa pwani moja. Kila mmoja ana watoto wa kulisha, na bahari ni moja. Ugomvi wa namna hiyo haumalizwi kwa nguvu za mkono, ila kwa wazee na vijana kukaa pamoja na kupatana mahali pa kuvua, na zana za kutumia.

Mwenyezi Mungu amewapa watu samaki wawe chakula, akawapa na akili ya kuwatunza. Haba na haba hujaza kibaba. Na vivyo hivyo, haba na haba hukimaliza.

Maswali

1. Kwa nini Mapopwe unaitwa mto wa namna yake?
2. Mvuvi wa dema na mvuvi wa trauti wamefanana katika jambo gani?
3. Eleza jinsi jani la mkoko liwezavyo kuwa chakula cha samaki.
4. Kama wewe ungalikuwa mvuvi yule mwenye tasi wadogo ndani ya dema, ungalifanya nini? Toa sababu zako.