Ngozi Isiyo na Mkwaruzo: Tajiri wa Rolls-Royce Anunua Nini Hasa?

Wiki hii naomba niwatoe ufuoni kidogo niwapandishe Kuresoi, kule juu mbele ya Molo, kaunti ya Nakuru. Mimi huenda huko kununua viazi vya Shangi vya kuleta Kongowea, na baridi yake na matope yake nimeyazoea. Gari la huko ni Probox, na Probox moja hubeba abiria tisa, kuku na mtungi wa maziwa. Si mahali pa kuzungumzia magari ya mabilioni. Lakini msimu uliopita kijana mmoja wa kupakia magunia alinionyesha video kwenye simu yake, gari refu jeusi lenye nyota darini, akaniuliza: "Mzee, hili nalo ni magurudumu manne na injini. Mbona bei yake inaweza kununua hii ridge yote? Wanauziwa nini?"

Swali zuri, na jibu lake si injini.

Gari alilokuwa akilitazama ni Rolls-Royce. Kampuni hiyo sasa ni mali ya BMW ya Ujerumani, na magari yake huundwa Goodwood, kusini mwa Uingereza. Mwaka 2023 iliuza magari 6,032 dunia nzima, na hiyo ikawa rekodi yake. Toyota huuza yapata milioni 10 kwa mwaka. Sasa, kampuni inayouza kidogo namna hiyo itaongezaje mapato? Haitaki kuongeza magari, kwa sababu yakijaa barabarani hayatakuwa kitu tena. Kwa hivyo huongeza pesa zinazotoka katika kila gari. Phantom huanzia karibu nusu milioni ya dola, na hapo mteja bado hajaanza kuagiza ya moyoni mwake.

Na ya moyoni ni mengi. Rangi zilizo tayari ni 44,000, na zikikosa kumridhisha ataletewa nyingine. Aweza kuja na ua au kipande cha kitambaa, akataka rangi ile ile, na rangi hiyo ikawekwa kwa jina lake. Zile nyota za darini ni nyuzi nyembamba za mwanga, kati ya 800 na 1,600, zinazopenyezwa kwa mkono, tundu moja moja, katika ngozi ya dari. Mteja akitaka, zitapangwa kama anga lilivyokuwa usiku aliozaliwa. Mstari mwembamba wa ubavuni huchorwa kwa brashi ya manyoya ya kindi, na kwa miaka mingi kazi hiyo imekuwa ya mtu mmoja, Mark Court. Mkono ukitetemeka, hakuna kufuta kwa urahisi.

Juu ya hayo kuna magari yasiyo na bei ya kutangazwa. Mwaka 2021 kampuni ilionyesha Boat Tail, na yalikuwa ya kuundwa matatu tu. Mwaka 2023 ikaja Droptail, manne tu, na la kwanza liliitwa La Rose Noire, kwa ajili ya waridi jekundu linalokaribia weusi ambalo mke wa nyumba iliyoliagiza alilipenda. Ndani yake mna vipande 1,603 vya mbao vilivyopangwa kama petali zinazoanguka. Kazi ya vipande hivyo peke yake ilichukua karibu miaka miwili.

Sisi wa Pwani tusijifanye wageni wa mambo haya. Tazameni milango ya Lamu na ya Mji wa Kale Mombasa. Mwenye nyumba alikuwa hanunui mlango dukani, alikaa na fundi wakaelewana: mnyororo pembeni, samaki chini, mtende au yungiyungi juu, jina na mwaka wa Hijra kwenye kizingiti. Fundi hakurudia mlango wa mtu kwa mtu. Hiyo ndiyo oda ya Goodwood, ila kwa mvule na msaji, na patasi badala ya brashi ya kindi. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba mlango ulitazama barabara. Mchukuzi aliyepita na mzigo kichwani aliuona bure. Nyota za darini huonwa na walioalikwa kuingia.

Na hapo ndipo bei inapojificha, katika nani hakualikwa. Ferrari wanajua kazi hii kuliko wote. Baadhi ya magari yao huwezi kuyanunua hata ukija na fedha taslimu. Wao ndio wanaochagua nani aitwe, na humwangalia kwanza mteja aliyekwisha kununua mengine kwao. LaFerrari yaliundwa 499. La 500 liliongezwa 2016, likapigwa mnada Marekani kwa dola milioni 7 ili kusaidia waliopatwa na tetemeko la ardhi Italia. Wenye jamaa zao Dubai wanaijua mifano mingine. Mwaka 2022 Rolls-Royce ilifungua huko ofisi ya faragha ya kupokea oda, ya kwanza nje ya Goodwood. Na Aprili 2023, katika mji huo huo, nambari ya gari P 7 iliuzwa mnadani kwa dirham milioni 55, yapata dola milioni 15, pesa zikaenda kwenye sadaka. Kabla yake, mwaka 2008, nambari 1 ya Abu Dhabi ilichukuliwa kwa dirham milioni 52.2. Kibati tu hicho, hakina hata injini. Kinachonunuliwa ni kwamba mwingine hatakuwa nacho.

Ndiyo maana huwasikitikia vijana wetu wanaochukua mkopo wakavika gari kuukuu taa za buluu na nembo ya kampuni nyingine. Matatu likipambwa sina neno, maana linavuta abiria na pambo linajilipa. Lakini anayeiga upekee anaiga kitu ambacho thamani yake yote ni kutoigika.

Kijana wa Kuresoi nilimweleza hayo, akacheka, akaridhika. Mimi ndiye niliyebaki na jambo, nalo ni la ngozi.

Rolls-Royce haitumii ngozi ya ng'ombe jike. Hutumia ya fahali, kwa sababu jike akishika mimba tumbo hutanuka na ngozi hubaki na michirizi. Mafahali hao hufugwa nyanda za juu za Ulaya, mahali pa baridi ambapo mbu ni wachache, na malisho yao hayazungushiwi seng'enge. Ngozi ikifika kiwandani hukaguliwa inchi kwa inchi, na penye kovu hukatwa pakatupwa. Starehe yote ile unayoiona kwenye kiti imeanzia kwa fahali ambaye hakuwahi kujikwaruza.

Sasa isomeni Kuresoi kwa macho hayo. Baridi ipo, nyasi zipo, urefu kutoka usawa wa bahari upo. Ng'ombe wapo wengi, wa maziwa, na wa maziwa lazima azae, kwa hivyo michirizi ya tumbo haiepukiki, wala sitaki mtu aache maziwa kwa ajili ya viti vya matajiri. Lakini yaliyobaki si ya Mungu, ni ya mkono. Shamba limegawanywa vipande na kila kipande kina seng'enge; ng'ombe hujisugua hapo kila siku. Josho likikosa dawa, kupe huacha matundu ambayo huwezi kuyaona mpaka ngozi iingie kiwandani. Wengine hupiga chapa ya moto katikati ya ubavu, mahali penye ngozi bora kuliko pote, badala ya kuipiga chini mguuni. Mwisho huja kisu cha mchunaji mwenye haraka, anayelipwa kwa nyama na si kwa ngozi, na kila akikosea hufungua dirisha jingine.

Serikali ilitaka ngozi isindikwe hapa hapa, ikaweka kodi kwa ngozi ghafi inayotoka nje ya nchi, nayo ikafika asilimia 80. Shabaha sikatai. Lakini kodi inaweza kuizuia ngozi bandarini Kilindini, haiwezi kuiziba tundu la kupe. Kiwanda kikipokea ngozi zilizotoboka kitatengeneza nini ila bitana na vipande vya soli? Na mfugaji ambaye hajawahi kulipwa zaidi kwa ngozi safi, kwa nini ang'oe seng'enge apande ua wa miti, akingoja miaka mitatu?

Hapo ndipo naona upande wetu ungeweza kuanza, bila kungoja Goodwood wala wizara. Walipwe kwa daraja: safi bei yake, yenye matundu bei yake, na mchunaji naye apate chake kwa kila ngozi isiyo na mkato. Wakulima wa viazi tunawalipa hivyo. Kiazi kikubwa kisichokatwa na jembe kina bei yake, cha mbegu kina yake, na mvunaji wa Kuresoi amejifunza kuchimba taratibu kwa sababu hiyo moja tu.

Kwenye bucha ninaponunua nyama ya safari nilimwomba mwenyewe anitandazie ngozi ya siku hiyo. Ilikuwa ya dume changa, nyeusi na nyeupe, kubwa kama mkeka wa watu wanne. Tukaiinua juani, mwanga ukapenya mahali kumi na saba. Manne yalikuwa ya kisu. Nilipomuuliza ataiuza kiasi gani, alisema dalali hajapita tangu mwezi jana, na chumvi ya kuihifadhi inamgharimu zaidi ya atakachopewa. Akaikunja, akaitupa nyuma, walipo mbwa.