Fahamu Namna ya Kubaini Kompyuta Zinazoshirikisha Mafaili Katika Mtandao wa Ofisi

Kompyuta inayoshirikisha mafaili katika mtandao wa ndani huweza kuonwa na yeyote aliyeunganishwa humo. Kwa sababu hiyo, msimamizi wa mtandao hana budi kuzifahamu kompyuta hizo kabla ya mwenye nia mbaya.

Ushirikishaji huo, kwa itifaki ya SMB, hupitia mlango namba 445. Katika Linux, amri `nmap -p 445 --open 192.168.1.0/24` huorodhesha kompyuta ambazo mlango huo uko wazi. Anwani hubadilishwa kulingana na mtandao husika. Kisha `smbclient -N -L 192.168.1.20` huonesha folda anazoweza kuziona mtu asiye na nywila. Katika Windows, `net view \\jina` huonesha folda za kompyuta iliyotajwa.

Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilisambaa kupitia mlango huo, kikafunga mafaili na kudai fidia; hospitali nchini Uingereza zililazimika kuahirisha huduma. Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho tangu Machi mwaka huo, lakini kompyuta nyingi hazikuwa zimesasishwa.

Hivyo, folda isiyohitajika ifungwe, inayohitajika iwekewe nywila, na kompyuta zisasishwe kwa wakati. Aidha, ukaguzi huu ufanywe kwa idhini ya mwenye mtandao pekee.