Reli, Milima na Mashua

Leo twapenda kueleza jinsi njia inavyoweza kuukuza mji mmoja na kuupunguza mwingine.

Katika karne ya 19 misafara ya wapagazi kutoka pwani ilikomea Ujiji. Ndiko walikofika Burton na Speke mwaka 1858. Lakini reli ya kutoka Dar es Salaam ilipofika Ziwa Tanganyika mwaka 1914, haikukomea Ujiji bali Kigoma, kwa kuwa ghuba yake ina kina kirefu na vilima huikinga isipigwe na pepo. Stesheni na gati vikawa Kigoma, na Ujiji ukabaki nyuma.

Hata hivyo, reli ilikoma pale. Kaskazini milima hushuka mpaka majini, na gari halikupata nafasi ya kupita. Ndipo Kibirizi, ufuko ulio kaskazini ya Kigoma, ulipopata kazi yake: mashua za mbao hupakia hapo abiria na shehena za kupeleka vijiji vilivyo chini ya milima, kama Mwamgongo na Kagunga.

Mwaka 2015 maelfu ya wakimbizi wa Burundi walisongamana katika ufuko mwembamba wa Kagunga, kipindupindu kikazuka. Kutoka pale kulikuwa ni kuvuka mlima kwa miguu au kupita majini. Mashua zikawachukua hadi meli ya Liemba, iliyotia nanga mbali kidogo, nayo ikawaleta Kigoma.

Basi tusidhani kwamba njia ni reli na lami tu. Penye milima kama hii mashua ndiyo barabara, nayo yastahili gati imara na ulinzi wa abiria.